Mtumbwi Uliomkaa Layla Vizuri

Gitega, Jumanne

Layla amenunua mtumbwi! Dada Kulthumu, soma tena: mtumbwi, wake mwenyewe, uko majini pale Ruvubu, upande wa Buhinyuza, na anayepiga kasia ni huyu huyu binti yangu!

Bon, sasa nikusalimie. Hamjambo huko Muyinga? Goti lako limepoa? Shemeji Othmani bado anakohoa? Sisi tuko wazima, alhamdulillah, cherehani inazunguka, ila mimi kukaa kimya siwezi.

Unajua Layla alivyochoka kufika kivukoni na maharagwe yake ya kuuza na kungoja mpaka wavushaji wapende. Akasema atatafuta mtumbwi uliotumika. Mzee Nazario, aliyemfundisha kasia, alikuwa anauza miwili: mrefu wa watu kumi na mdogo wa watu wanne. Nilikuwa nimemtembelea Layla, nikasema achukue mrefu, hakuna mjadala. We unanijua: miaka thelathini nashona yunifomu, sijawahi kukata kwa kipimo cha leo. Nakata kubwa, mtoto akulie ndani. Nikamwambia na mtumbwi ni hivyo hivyo.

Layla akacheka, akaniuliza kama mto utamngoja akue. Akasema anayeanza achukue ule anaoweza kuugeuza peke yake mkondo ukivuta, na kuupandisha ukingoni bila kuita wanaume. Akaingia kwenye mdogo, akauyumbisha makusudi, akabonyeza mbao za chini kwa kidole gumba akitafuta zilizooza, akauacha majini asubuhi nzima aone utavuja kiasi gani. Yakaingia maji ya kikombe kimoja! Wavushaji wakamtania kwamba anachagua beseni la kufulia. Nami niliona haya, maana majirani huku nilishawatangazia kwa simu mtumbwi wa watu kumi.

Basi beseni hilo ndilo linalosakwa sasa. Mitumbwi mikubwa haiondoki mpaka ijae. Layla akipata watatu, huyo anakwenda. Wavushaji wale wale wanamwita kapiteni, na Jeska, mke wa Nazario, amekataa kuvushwa na mwingine.

Hapa, dada, soma peke yako. Majirani nimewaambia ni mimi niliyemchagulia ule mdogo. Si kweli. Asubuhi ile ya kupima nilimvuta Nazario pembeni, nikamwomba amdanganye Layla kwamba mdogo umeshapata mtu. Mzee akakataa, akasema kama naupenda ule mrefu niupande mwenyewe. Kwa kiburi changu nikapanda. Kasia mara tatu tu, ukageuka ubavu, ukaondoka na mimi kama kitambaa kilichoteleza mezani. Nikamwita mwanangu kwa sauti ambayo nadhani hata wewe uliisikia. Akaja na ule mdogo, akadaka kamba, akanivuta mpaka kwenye matete. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa adabu zote, kama nimeshaanza kukulia ndani.

Nimekuandikia wewe kwa sababu mbele yake bado sijasema kwamba nilikosea. Nitasema mbele yenu wote, tukishavuka kula pilau kwake, maana ametualika sote. Msalimie shemeji, mwambie aje na koti. Mfike mapema, maana tutavuka watatu watatu, na safari ya kwanza nimeshaichukua mimi.

Ni mimi mdogo wako, Mama Layla, nitakayekuwa nimesimama kivukoni nikiwangoja Jumamosi, tarehe kumi na nne.