Nimezifuta Programu za Shemeji, na Kitabu Kimetoka

Mpendwa Shangazi wa Jumapili,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana nina furaha ambayo haijanipata tangu nizaliwe, na ndani ya furaha hiyo hiyo kuna mwiba, na mwiba wenyewe nimejichoma kwa mkono wangu.

Mimi ni mkunga, nimestaafu mwaka jana baada ya miaka thelathini na mmoja wodini, na katika miaka hiyo kila nikitoka zamu nilikuwa naandika kwenye daftari jambo moja nililojifunza siku hiyo, mtoto aliyetanguliza miguu tulimtoaje, mama aliyevuja damu tulimwahi vipi, mpaka madaftari yakajaa sanduku zima, na siku ya kuniaga mkuu wa chuo cha wakunga akasimama mbele ya watu akasema, "Mama Zamu, hayo madaftari yasije yakaliwa na mchwa, tuandikie kitabu wanafunzi wakisome," wenzangu wakapiga makofi, kisha wakanikabidhi boksi jeupe, na ndani yake kompyuta mpya ya Mac waliyonichangia.

Sasa Shangazi, mume wangu ana mdogo wake ambaye sote tunamwita Injinia ingawa kazi yake ni kuuza chaja na vifuniko vya simu, ni mtu mwema, ukilazwa ndiye wa kwanza kufika na uji, lakini kwenye mambo ya kompyuta haambiliki. Alikuja kesho yake, akaifungua ile Mac, akaitazama, akaguna.

"Shemeji, hii tupu kabisa. Ni kama umepewa nyumba haina hata kigoda."

"Basi niwekee hivyo vigoda," nikamjibu, na hapo ndipo nilipojiponza.

Alikaa sebuleni kwetu siku mbili, akapakua programu arobaini na tatu, nilizihesabu baadaye, ya kuchora ramani za majumba, ya kukata filamu, ya kuchanganya muziki, tatu za kusafisha kompyuta ambazo zilikuwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikiniambia mwenzake ni uchafu, akavipanga vipicha vyake vyote kwenye skrini kama nguo za mtumba, akaniambia, "Sasa una kompyuta."

Kompyuta gani, Shangazi! Nikiiwasha nachemsha chai, nakunywa, naosha kikombe, bado inafikiri. Nikianza kuandika inaruka taarifa hapa, nyingine pale, lipia, jisajili, safisha, mpaka nasahau nilitaka kusema nini kuhusu kitovu. Na ile programu ya kuandikia aliyonichagulia haikujua Kiswahili, ikawa inanimalizia maneno kwa akili zake, nami sikujua, nikatuma sura mbili za kwanza kwa mkuu wa chuo, akanipigia simu.

"Mama Zamu, ukurasa wa kumi na mbili unawaambia wanafunzi wangu wasikate tamaa, wasubiri kondomu la nyuma litoke."

Nilikuwa nimeandika kondo! Mkuu alicheka mpaka akapaliwa, mimi huku nalia, naye aliponisikia akaacha kucheka akasema kwa upole kwamba wanafunzi wapya wanaingia baada ya wiki tisa, na kitabu kisipomfikia mchapaji wiki mbili kabla, basi mwaka huu wataanza wodini bila hicho. Nikamweleza Injinia yaliyonikuta, akasema hilo dogo, ipo programu ya kuirekebisha ile programu. Akaiweka. Ya arobaini na nne.

Asubuhi moja nikakaa nayo mezani, nikaitazama, nikajiuliza, hivi ningeingia chumba cha kuzalishia nikakuta trei ya vifaa imejazwa namna hii, nyundo, msumeno, vijiko vya kupikia, ningefanya nini? Ningeimwaga yote nianze upya. Nikachukua karatasi nikaandika, si programu ninazozitaka, bali kazi ambazo mikono yangu itafanya mpaka kitabu kitoke: nisome daftari, niandike, nichore mikono ya mkunga inavyoshika, nihifadhi, nitume. Basi. Nikaanza kufuta. Ya kwanza niliifuta kama naiba. Nyumba haikuanguka. Nikafuta ya pili, ya tano, ya ishirini, mpaka kufika adhuhuri nilikuwa naimba.

Nikagundua vingi nilivyovihitaji vilikuwa humo tangu ilipotoka kwenye boksi, ila hakuna aliyenionyesha. Ile ya kufungulia picha na kurasa ilinitosha kabisa, nikayapiga madaftari picha kwa simu nikawa nayasoma upande mmoja wa skrini huku naandika upande wa pili. Ya kutunza maneno ya siri ilikuwepo. Ya kuhifadhi nakala ilikuwepo, nikainunulia diski ya nje, maana mkunga haingii chumbani na mkasi mmoja. Nikaongeza mbili tu: ya kuandikia, ya bure, yenye kamusi ya Kiswahili na ambayo chuoni wanaweza kufungua faili zake bila taabu, na ya kuchorea, ambayo niliijaribu bure siku saba nikachora bega la mtoto mara kumi na nne kabla sijalipa.

Shangazi, niliandika! Niliandika kama mtu aliyefunguliwa kamba. Asubuhi ya kupeleka kazi, kwa haraka zangu, nikafunga faili la sura ya tisa nikagonga kitufe kisichostahili, nilipolifungua tena nikakuta kurasa mbili kati ya ishirini na sita, na hiyo ndiyo sura ya mama kuvuja damu baada ya kujifungua, ningeambiwa niokoe sura moja tu ningeokoa hiyo. Nikampigia Injinia.

"Pole sana shemeji. Hiyo imekwenda. Andika upya."

Nikakata simu, nikashusha pumzi kama ninavyowaambia wazazi, nikachomeka diski, nikafungua ile programu ya nakala, nikarudi nyuma saa moja, mbili, na hiyo hapo! Sura nzima, mpaka na mchoro wa mwisho. Dakika kumi na tano, Shangazi, peke yangu, na kabla ya saa sita mchana kitabu chote kilikuwa kwa mkuu wa chuo. Amekisoma daktari mkuu wa wodi ya wazazi, ametuma ujumbe wa neno moja, "Hatimaye." Kimechapwa. Kinazinduliwa Jumamosi ijayo.

Sasa mwiba. Injinia hajui kama nilifuta. Siku niliyofuta niliogopa kumuumiza, kwa hiyo kabla ya kuanza niliipiga picha ile skrini yake na vipicha vyote, nikaiweka picha hiyo ndiyo mandhari ya skrini, akija akichungulia anaviona vyake vyote vimejipanga anaondoka ameridhika. Siku moja alikuja na jirani amwonyeshe, akawa anagonga kipicha cha kuchora majumba, anagonga, wapi, nikasema, "Leo imenuna, iache ipumzike." Mume wangu alitoka nje akacheke vizuri. Lakini haichekeshi tena, kwa sababu Injinia anatembea anasema kitabu kile kisingetoka bila programu zake, mkuu wa chuo amesikia, na chuo kimepata Mac kumi mpya za chumba cha wanafunzi, wamemwomba yeye azijaze. Mume wangu anasema, "Mshukuru tu jukwaani, neno halichubui mdomo." Nimshukuru kwa uongo, au niseme ukweli nimwaibishe ndugu siku ya furaha? Nifanyeje?

Mama Zamu

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Zamu, barua yako ilinifikia Jumatano, na sherehe yako ilikuwa Jumamosi. Ningesubiri gazeti la Jumapili ningekuletea mwavuli mvua imeshakatika, kwa hiyo nilikupigia simu, na wasomaji sasa wasome nilichokuambia.

Kwanza, hongera. Nasema hongera kwa sauti kubwa hapa ofisini mpaka mhariri amegeuka. Mtu aliyefundishwa kuandika kwa kalamu na karatasi ameikabili mashine mpya, amekataa kutishwa nayo, na kitabu kimetoka. Wapo vijana wenye kompyuta tatu hawajaandika hata barua ya kuomba kazi.

Sasa njoo nikukemee kidogo. Ile picha ya skrini! Mwanamke mzima, umepokea watoto wa nusu ya mji, unamwekea shemejio mchoro wa programu kama unamlaghai mtoto na bomba la sindano nyuma ya mgongo. Uliona ni huruma. Ulichofanya ni kumwacha mtu mzima ajisifu hadharani kwa kitu ambacho hakipo, na kila siku unayonyamaza aibu yake inanenepa. Hukumlinda, ulimlimbikizia. Ifute leo, uweke hata ua.

Kuhusu jukwaa, mumeo namheshimu, lakini amekosea. Neno la uongo halichubui mdomo, linachubua wanafunzi wale watakaokaa mbele ya Mac kumi zilizovimbiwa, wakitafuta somo la kuzuia damu huku programu tatu za kusafisha zinatukanana. Hapo si suala la familia tena, ni suala la kazi yako. Wodini ungekaa kimya?

Kwa hiyo sikiliza. Usimwambie jukwaani, wala kwa simu, wala kupitia kwa kaka yake. Mwite nyumbani kesho mchana, muwe wawili tu. Anza na shukrani ya kweli, maana ipo: alikuja bila kuitwa, alikaa siku mbili. Kisha mwonyeshe skrini ilivyo, tupu, na umwombe radhi kwa kumficha. Akinuna, mwache anune. Halafu mshirikishe, usimfukuze. Mkaifanye ile kazi ya chuo pamoja, na mkifika msiguse kitu kabla ya kuwauliza wanafunzi wenyewe wanafanya nini kila siku. Muanze na vilivyomo ndani ya mashine, wavitumie wiki mbili. Kitakachopungua ndicho mtafute, kimoja kwa kazi moja, mkipakue kwenye duka la Mac lenyewe au kwa mwenye kukitengeneza, kijaribiwe kabla ya kulipiwa, na muangalie kama mwenzako ataweza kulifungua faili utakalomtumia. Diski ya nakala si hiari. Programu inayokuambia kompyuta yako inaumwa kabla hujaiuliza, itoe.

Hayo nilimwambia Mama Zamu, akashusha pumzi, akasema, "Haya, Shangazi, nitasukuma." Nikakata simu nikakaa roho juu.

Jumamosi jioni simu yangu ikalia. Sauti imekauka, ya mtu aliyepigiwa na kupiga vigelegele mchana kutwa.

Alimwita shemeji Alhamisi, kama nilivyomwagiza. Injinia alipoona skrini ilivyo tupu aliweka kikombe cha chai mezani. Kisha akauliza, "Na ile sura uliyopoteza, niliyokwambia imekwenda?" Mama Zamu akamwonyesha jinsi alivyoirudisha. Injinia akaomba aonyeshwe tena. Na tena. Mara ya tatu akaomba aifanye yeye mwenyewe, na aliporudisha kurasa zote ishirini na sita alipiga meza akasema, "Shemeji, mimi hii sikuijua!" Akaondoka hajanuna, ila mpole kidogo kuliko kawaida yake.

Siku ya uzinduzi, ukumbi umejaa, wanafunzi wamesimama mpaka kwenye ngazi, mkuu wa chuo akasema sasa tumkaribishe fundi aliyewezesha kitabu hiki. Injinia akapanda, akakishika kipaza sauti, akakohoa.

"Mimi nilijaza," akasema. "Shemeji yangu akapunguza. Kuandika ameandika yeye, kuchora amechora yeye, na sura ya tisa ilipopotea mimi nilimwambia imekufa, yeye akaifufua. Mpigieni yeye makofi, mimi nimekuja kula."

Ukumbi ulilipuka. Mume wa Mama Zamu alisimama juu ya kiti, mtu wa miaka sitini na nne. Wakunga wa zamani wakamwinua mwenzao kutoka mstari wa mbele mpaka jukwaani, viatu vikabaki chini, akasaini vitabu mia mbili na kumi akiwa pekupeku, na vilipokwisha wanafunzi wakaleta mikono wasainiwe viganja.

Jumatatu hii yeye na Injinia wanaingia chuoni saa tatu asubuhi na diski kumi kwenye mkoba.

Na wewe msomaji mwenye kompyuta mpya mezani na jamaa mlangoni anayekuja kukujazia: mkaribishe, mpe chai, mwulize habari za watoto. Kompyuta iwashe mwenyewe.