Simba wa Mgombea

Mkolani, Mwanza

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Shikamoo yako imefika salama. Goti la bibi yako limetulia, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Unaniuliza kama umtaje kiongozi yule kwa jina, badala ya kumwita fisi katika hadithi yako. Sikiliza.

Kampeni za kwanza za vyama vingi zilinikuta nikiwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma yetu. Mgombea mmoja kutoka mjini akatuomba tumwimbie mkutanoni. "Niiteni Simba," akasema. Huyo alikuwa ameshazungushia uzio sehemu ya ziwa tulikokuwa tukinywesha ng'ombe.

Basi nikamwimba simba tunayemjua sisi wafugaji: "Simba kafika ziwani, fungeni mazizi, itaneni wanaume!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye akapunga mkono, akidhani anashangiliwa.

Kesho yake mpambe wake akanijia amefura. "Simba wako ni nani?"

"Ni yule mliyeniletea wenyewe," nikamjibu. "Mimi nimeimba tabia zake tu."

Alitaka kunishtaki, lakini angeanzia wapi? Ingembidi kwanza aseme mbele za watu kwamba simba anayekula ng'ombe wetu ni bosi wake.

Kwa hiyo mwache fisi wako abaki fisi. Atakayekuja kugomba, mpe kiti, kisha umwulize amejitambuaje.

Babu yako,
Masanja