Yale Niliyokueleza Kuhusu Dawa Yako

Dada Anande,

Tangu tukuzike migombani kwa mume wako, Mama hajakanyaga tena huko kwenu Maji ya Chai. Anasema Shemeji alikuacha peke yako, yeye akaenda kupalilia kahawa, kifafa kikakuua. Juzi Shemeji alikuja kumsalimia na mkungu wa ndizi begani. Mama hakumpa hata marahaba. Kwetu mkwe akinyimwa marahaba ni kama amefukuzwa. Akaweka ndizi chini akaondoka, bila kujitetea. Mimi nilikuwa jikoni, nimetulia kama maji mtungini.

Dada, ni mimi niliyekutisha.

Ilikuwa Pasaka, nimetoka chuoni najifanya profesa. Ulikuwa unashona. Nikachukua uzi wako, nikakuonyesha ulivyozungushwa kwenye kigurudumu chake. Nikasema jeni zetu nazo ziko kwenye uzi, umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Mwili ukibandika juu ya histoni alama ndogo za kikemikali, ziitwazo asetili, uzi unalegea na jeni inasomeka. Ukizibandua, uzi unakaza, jeni inanyamaza. Nikasema vidonge vyako vya kifafa, valproeti, huzuia alama hizo zisibanduliwe, na wataalamu wanadhani hiyo ni sababu mojawapo ya dawa hiyo kuweza kumdhuru mtoto tumboni: jeni zinaamka wakati si wake.

Ukacheka. "We nawe! Unanivurugia uzi." Halafu ukasimamisha cherehani. Sikujua kwamba ulikuwa na mimba changa. Na kwa raha ya kusikilizwa, nikasahau la muhimu kuliko yote: usiache dawa mwenyewe, wahi kliniki wakubadilishie.

Tulipokunja nguo zako nilivikuta vidonge kwenye droo ya cherehani, vingine vimeanza kuyeyuka. Kila asubuhi Shemeji alikupa kimoja kwa mkono wake, na maji. Kumbe ulikuwa unavificha chini ya ulimi. Nikavitia kwenye pochi kabla Mama hajaviona.

Naumia, Dada. Na nina hasira nawe, nisikufiche. Ungeniuliza tu! Ningepanda gari kutoka kwangu Daraja Mbili siku ileile, twende wote kliniki.

Pumzika na mwanao. Jumapili, baada ya ibada, nitampitia Shemeji tupande wote kwa Mama, na nitasema yote yeye akiwepo. Mama akitaka kufukuza mtu, nitatoka mimi. Shemeji atabaki ndani, anywe chai.

Mdogo wako,
Ndeshi