Sanamu za Athene

Kwa dada yangu Eddah,

Huku Riyadh niko tu salama. Mwezi uliopita madam alinibeba hadi Athene, Ugiriki, nimshikie mtoto akizunguka makumbusho. Ungezipenda zile sanamu: watu wa mawe, wazuri ajabu, wengine hawana mikono.

Mtoto aligusa mguu wa sanamu moja. Mlinzi akaja mbio akifoka, eti jasho la kidole huharibu jiwe. Madam akaona aibu, akaukamata mkono wangu wa kulia, akausokota mpaka mfupa ukalia. Nilianguka miguuni pa sanamu. Mlinzi akanisogeza kando, akainama kuangalia kama jiwe limekwaruzika.

Mama akiuliza mbona mwandiko umeharibika, mwambie nilikuwa na haraka. Usimwambie ni mkono wa kushoto.

Mdogo wako,
Jerioth