Mama Alipiga Vigelegele

Fittja, Stockholm
15 Oktoba 1973

Mpendwa Kaka Ladislaus,

Salamu nyingi. Mimi mwili ni mzima, baridi tu ndiyo imeanza. Nanyi hamjambo hapo Bukoba? Safari hii nijibu kweli.

Nilishawahi kukusimulia desturi ya Waswidi ya mapumziko ya kahawa, wenyewe huiita fika. Hospitalini ninakosomea, ikifika saa tisa mchana kazi husimama, daktari na mfagiaji wakaketi meza moja, wakaongea mambo mepesi kwa sauti ndogo. Nilikuwa naipenda.

Jumamosi nilimpeleka Anselmo mkahawani mjini. Ni yule mtoto wa Mwalimu Bethuel, jirani yetu. Amekuja juzi kwa mafunzo ya ufundi. Nikamchagulia mkate mtamu wa mdalasini, nikajiona mwenyeji kweli kweli. Tulipokaa akaniambia, "Dada Dafrosa, pole sana kwa kuondokewa na mama. Siku ya maziko tulikukumbuka."

Mkate ulikuwa mdomoni. Nikamuuliza, "Mama gani?" Maskini, naye akaanza kulia.

Nyumbani ningejitupa chini, akina mama wakanishika kiuno. Mle mkahawani watu walikuwa wananong'ona na kusoma magazeti. Kijiko kikaniponyoka, mzee wa meza ya pili akageuka, nami nikamwomba radhi. Ebu fikiri, kaka! Siku ya msiba wa mama yangu nimeomba radhi kwa ajili ya kijiko.

Anselmo anasema mlimzika wiki moja baada ya Pasaka. Mimi nilifaulu mtihani Juni, nawe Julai ukaniandikia kwamba mama alipopata habari alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Nani alipiga, Ladislaus? Hata majirani ukawatia humo!

Halafu ile kahawa ya kutafuna uliyonitumia Agosti, ukaandika, "mama amekuchemshia." Haikuwa na mchaichai anaoutia mama siku zote. Nikajisemea, mama anazeeka, ameanza kusahau. Nikaitafuna yote nikimwonea huruma.

Najua utasema ulihofia nitaacha masomo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua; wewe umeficha hata kilio chenyewe. Masomo yalikuwa yangu, na mama alikuwa wangu pia. Ungeniachia nichague.

Nataka jambo moja tu. Je, alinitaja? Kama aliniita, andika aliniita. Kama hakuniita, andika hivyo hivyo. Usinipambie, nimeshiba mapambo yako.

Nisalimie Shangazi Getrude na watoto. Wifi Theresia mwambie kahawa yake ilikuwa nzuri, ila si ya mama. Na salamu za mama usiniletee tena.

Mungu akusamehe upesi, kaka, maana mimi nitachelewa.

Dada yako, akupendaye hata leo,
Dafrosa