Siku Nne za Mzee Mbaruku

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Baba kile kifua kimemwachia. Goti lako je, unalinyoosha kitini kama nilivyokuonyesha Krismasi? Usinidanganye, nitamuuliza Joyceline. Sisi huku hatujambo. Kaka Allan anakuja Rombo Jumanne, ndiye atakayekuletea barua hii. Kwenye simu ungenikatiza, na haya ninayotaka kuyasema sitaki yakatizwe.

Umesikia kwa Shangazi Fortunata kwamba nilimwokoa mgonjwa asipooze, na kwamba sasa natakiwa kurudia miezi mitatu ya mafunzo hospitalini. Ngoja nikusimulie mwenyewe.

Mgonjwa ni Mzee Mbaruku, miaka hamsini na minne, kuli wa siku nyingi hapa Kariakoo. Kazi yake ilikuwa kushusha marobota ya vitenge kwenye malori na kuyapandisha ghorofani kwa mgongo. Alikuja kwetu kitengo cha tiba ya viungo amepinda upande mmoja, maumivu yanamshuka kutoka kiunoni hadi kisigino cha kushoto. Nilimpima mwenyewe. Nilimlaza nikauinua mguu, nikamwambia asukume mkono wangu kwa vidole vya miguu, nikamgonga magoti kwa kinyundo. Nikaamua kwamba kuna mshipa mmoja wa fahamu umebanwa kiunoni, jambo tunaloliona kila siku. Nikampa mazoezi, nikamwambia arudi baada ya wiki.

Alirudi siku ya nne, ameshikiliwa na mkewe, Bi Mwanamkuu. Sasa miguu yote miwili ilikuwa imelegea. Yeye alisema ni mgongo tu. Mkewe akamkatiza: "Mwambie, baba Chiku. Mkojo hautoki, na ukitoka hata hujui." Nikamuuliza kama akikaa anakisikia kiti. Akasema anahisi kama amekalia godoro.

Mama, hapo ndipo nilipolijua tatizo. Mwisho wa uti wa mgongo kuna fungu la mishipa linaloongoza miguu, haja ndogo na haja kubwa. Likibanwa lote, huhesabu siku, unahesabu saa. Msimamizi wangu, Bwana Leodegar, aliniambia foleni ni ndefu, nimwandikie tarehe ya kipimo aende zake. Nikakataa. Nilimsukuma mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwa daktari wa upasuaji, nikasimama mlangoni mpaka akanisikiliza. Kesho yake asubuhi walimpasua.

Leo Mzee Mbaruku anatembea na gongo moja. Lakini mkojo bado anautoa kwa mpira, na marobota hatayabeba tena.

Sasa, kila Ijumaa mmoja wetu husimama mbele ya wanafunzi akaeleza mgonjwa mmoja, hatua kwa hatua, alifikirije mpaka akalijua tatizo. Zamu yangu ilipofika, Bwana Leodegar aliniambia nianzie siku ya nne. Alisema hiyo ndiyo inayotujengea jina, ile ya kwanza haina faida kwa mtu. Nikamjibu kwamba ile ya kwanza ndiyo somo lenyewe. Akanikumbusha ni nani anayesaini fomu yangu ya kumaliza mafunzo.

Nilianzia siku ya kwanza. Niliandika ubaoni vipimo vyangu vyote, nikawauliza ni swali gani halipo. Bwana Leodegar alikuwa amekunja mikono kule nyuma. Mwishowe dada mmoja wa mwaka wa pili, Nasma, akauliza kwa sauti ndogo kama nilimuuliza mgonjwa kuhusu haja.

Sikumuuliza. Hilo ndilo nililotaka ulisikie kwangu, Mama. Swali nililijua, nilifundishwa, limo hata kwenye fomu ya kumpimia mgonjwa. Lakini alikuwa mtu mzima kama Baba, ameingia na kofia yake safi, ananiita mwanangu. Nikaona haya. Nikaandika "hakuna shida", nikaendelea. Kumbe mkojo ulikuwa umeanza kumsumbua tangu siku moja kabla hajaja kwangu mara ya kwanza. Siku nne zile nilizipoteza mimi, si foleni wala mtu mwingine. Niliwaambia hivyohivyo mbele ya wote.

Kabla ya Ijumaa hiyo nilikwenda nyumbani kwa Mzee Mbaruku, mtaa wa Gerezani, kumweleza kosa langu, kumwomba radhi na kumwomba ruhusa ya kulisimulia. Bi Mwanamkuu alinyanyuka akatoka, mkono hakunipa. Mzee akaniambia: "Kasimulie. Ila usiseme nilificha. Hukuniuliza."

Maneno hayo ndiyo niliyomalizia nayo darasani. Fomu yangu ya mafunzo haikusainiwa, imeandikwa sina nidhamu. Sawa. Nitarudia miezi yangu mitatu, na nikipewa zamu nyingine nitaanzia palepale. Radhi nilimwomba mwenyewe, kwake. Kwa kusimulia sijaomba na sitaomba.

Basi mwambie Shangazi asitangaze tena jumuiyani kwamba niliokoa mtu. Aseme yote au anyamaze. Siku hizi nawauliza wote kuhusu haja, mapadri, mashehe, wakwe za watu, tena nikiwatazama usoni.

Nisalimie Baba, na barua hii umpe aisome mwenyewe, asisomewe. Joyceline na majirani wote wa pale juu nawasalimu sana. Allan nimempa kanga zako na dawa ya Baba.

Mungu akulinde, Mama.

Mwanao,
Candida