Sabuni ya Kidole

Rusimbi, Jumatano usiku

Yule jirani muuza vitumbua kanichefua tena. "Mzee, sabuni yako imebonyea, punguza bei." Imebonyea! Ndiyo alama ya duka langu hiyo. Marehemu mama alibonyeza dole gumba kwenye kila mche kule kwetu Uvira, wateja waitambue sabuni yake ya mawese sokoni. Nami nabonyeza. Huku ng'ambo ya ziwa hakuna anayeijua.

Leo nimempata mmoja. Mkimbizi, mama mjane, kashuka juzi kwenye boti bandarini Kibirizi. Alichukua mche, akatia kidole kwenye kile kishimo, akacheka. "Sabuni ya kidole! Bibi alikuwa ananituma kununua hii!"

Kumbe alimjua mama mwenyewe! Nikamkalisha. Tumemsengenya mama yangu mpaka adhuhuri, ukali wake, fimbo yake ya mkwaju. Miaka mingapi sijamsengenya na mtu...

Kisha likaja lori la kuwapeleka wakimbizi kambini. Nikamwambia, "Baki nikuoe. Meno ninayo manne, yanatosha."

"Mzee, wewe unatafuta wa kukukorogea sabuni!" Akapanda, anacheka.

Nilikuwa natania. Ila lori lilipoondoka nikajikuta nimeshafunga duka, funguo mkononi, tayari kumpeleka nyumbani kwangu.